Nyimbo zetu zimehifadhiwa wapi? Safari ya sauti kutoka santuri hadi simu ya mkononi

Mtu anaponunua simu mpya mjini Maskati, London au Minneapolis, muuzaji humuuliza kama angependa namba zake za simu na picha zake zihamishwe kutoka simu ya zamani. Kuhusu nyimbo, mara nyingi haulizwi chochote. Ni baada ya siku kadhaa ndipo anapotafuta taarab iliyopigwa katika harusi ya dada yake, au kasida iliyosomwa na marehemu babu yake, na asiione. Nyimbo nyingine, zile za wasanii mashuhuri, ziko pale pale kana kwamba simu haikubadilishwa.

Kwa nini hizi zimebaki na zile zimepotea? Kwa sura yake, swali hilo ni la kiufundi. Lakini ndani yake mna historia ya karibu miaka mia moja, na watu wa Afrika Mashariki wamo katika historia hiyo tangu mapema. Katika makala haya tunaifuata, kwa sababu asiyejua wimbo wake unakaa wapi hawezi kujua ni nani anayeumiliki, wala ni nani mwenye uwezo wa kuufuta.

Sauti yenye uzito

Mwaka 1928 mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, mzaliwa wa kijiji cha Fumba kisiwani Unguja, alivuka bahari pamoja na wenzake hadi Bombay, mji ambao leo unaitwa Mumbai. Walikwenda kurekodi nyimbo kwa ajili ya kampuni ya Gramophone, ambayo sahani zake zilijulikana kwa alama ya His Master's Voice. Safari hiyo ndiyo iliyoipeleka sauti ya Siti katika nyumba za watu ambao hawakupata kumwona hata siku moja.

Sahani za santuri za wakati ule zilitengenezwa kwa utomvu mgumu utolewao na wadudu wadogo wa Bara Hindi, ukachanganywa na unga wa mawe. Sauti ilichongwa kama mfereji mwembamba uliozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na kitovu cha sahani. Sindano ya gramafoni ilipopita katika mfereji huo ilitikisika, na mtikisiko ule ukawa sauti. Sahani ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulichukua takriban dakika tatu tu. Wimbo wa taarab, ambao mbele ya wasikilizaji ungeweza kuendelea kwa muda mrefu, ulilazimika kufupishwa au kugawanywa katika pande mbili.

Kwa hiyo tangu mwanzo, mahali pa kuhifadhia wimbo ndipo palipoamua wimbo wenyewe uweje.

Hata hivyo santuri ilikuwa na sifa moja ambayo baadaye iligeuka kuwa adimu. Aliyenunua sahani alikuwa na wimbo mkononi. Aliweza kuuazima, kuuuza au kuurithisha, bila kumwomba mtu ruhusa. Juu ya karatasi ya duara iliyobandikwa katikati ya sahani palichapishwa jina la wimbo na jina la mwimbaji. Sahani ilikuwa nzito, na ikianguka ilivunjika, lakini ile isiyoanguka ilidumu. Mwaka 2007, karibu miaka 80 baada ya safari ya Bombay, kampuni ya Topic Records ya Uingereza ilitoa CD ya muziki wa Kiswahili wa Tanzania na Kenya wa miaka ya 1920 hadi 1950, uliotokana na sahani kuukuu zilizohifadhiwa katika maktaba ya taifa ya Uingereza, British Library, jijini London.

Enzi ya kaseti

Mwaka 1963 kampuni ya Philips ya Uholanzi ilionyesha mjini Berlin chombo kidogo cha plastiki chenye utepe wa sumaku ndani yake. Kiongozi wa wahandisi waliokibuni alikuwa Lou Ottens, aliyefariki dunia mwezi Machi 2021. Chombo hicho kilikuwa kaseti.

Kanda za sumaku zilikuwapo kabla ya hapo, zikiwa magurudumu makubwa yaliyotumiwa katika vituo vya redio. Radio Tanzania Dar es Salaam iliwarekodi wanamuziki wa dansi na taarab kwa miaka mingi katika kanda za namna hiyo, na kwa bendi nyingi studio ya redio ndiyo ilikuwa studio pekee. Kaseti ilileta jambo jipya: iliuondoa uwezo wa kurekodi mikononi mwa vituo na makampuni, ikaupeleka sebuleni. Mtu aliweza kuiweka redio yake karibu, akasubiri kipindi cha salamu na muziki, na wimbo aupendao ulipoanza akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja.

Kwa Waswahili walioishi mbali na kwao, kaseti ilikuwa na thamani ya pekee. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya mwaka 1964, watu wengi waliondoka visiwani. Baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka nchini Oman mwaka 1970, maelfu ya watu wenye asili ya Oman waliokuwa Afrika Mashariki walihamia huko, wakiwa wanazungumza Kiswahili na wanapenda taarab. Kaseti ilienea vizuri katika mfuko wa msafiri. Maduka kama Mbwana Radio Service mjini Mombasa yalijulikana kwa muziki wa mwambao, na kanda moja iliyofika Maskati au Dubai ilinakiliwa, nakala yake ikanakiliwa tena, hadi mtaa mzima ukawa na wimbo ule ule.

Palikuwa na gharama zake. Kila nakala ya kaseti ilikuwa hafifu kuliko ile iliyoizaa, na ukifika nakala ya tano au ya sita mvumo ulikuwa umeanza kumshinda mwimbaji. Jina la msanii sasa liliandikwa kwa kalamu na mkono wa aliyenakili, kama alikumbuka kuliandika. Wanamuziki wenyewe hawakupata senti katika nakala hizo. Lakini nyumba ikawa na kabati la kanda, na kila mtu wa nyumba hiyo alijua wimbo upo kwenye rafu ya ngapi.

Sauti yageuzwa hesabu

Mwezi Oktoba 1982 sahani za CD zilianza kuuzwa nchini Japani. Ndani ya CD hamna mfereji unaotikisa sindano. Mna hesabu. Mashine hupima mawimbi ya sauti mara 44,100 katika kila sekunde moja, na kila kipimo huandikwa kama namba. Kwa muziki wa spika mbili, dakika moja tu huhitaji takriban megabaiti 10 za nafasi.

Kwa kompyuta za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mzigo huo ulikuwa mkubwa mno. Wimbo wa dakika nne ulitaka megabaiti 40, na kuutuma kwa njia ya simu za waya kungechukua saa nyingi. Wataalamu wa taasisi ya Fraunhofer mjini Erlangen, Ujerumani, akiwamo Karlheinz Brandenburg, walishiriki katika kutafuta njia ya kuupunguza mzigo huo. Wazo lao lilitegemea udhaifu wa sikio la binadamu. Sauti kubwa inapopigwa, sauti ndogo iliyo karibu nayo haisikiki. Basi ya nini kuihifadhi? Waliitupa. Tarehe 14 Julai 1995 watafiti hao waliamua kwamba mafaili yao yamalizikie kwa herufi mp3.

Kwa kipimo kilichozoeleka zaidi wakati huo, wimbo wa dakika nne ulishuka kutoka megabaiti 40 hadi karibu nne. Tena, tofauti na kaseti, nakala ya elfu ya faili hilo ilikuwa sawasawa na ya kwanza. Mvumo ulitoweka. Pamoja na mvumo, ilitoweka pia ile karatasi ya duara yenye jina la mwimbaji.

Chembe za umeme zilizofungiwa

Ilibaki kupatikana mahali padogo pa kuziweka hesabu hizo. Jibu lilikuwa limeshapatikana nchini Japani. Mhandisi Fujio Masuoka wa kampuni ya Toshiba aliutangaza uvumbuzi wake mwaka 1984: aina ya kumbukumbu ya kompyuta isiyosahau umeme unapokatika. Mwenzake kazini alipendekeza iitwe flash, kwa kuwa jinsi ilivyofutika kwa mara moja ilimkumbusha mmweko wa taa ya kamera. Mwaka 1987 Masuoka na wenzake walieleza aina nyingine iliyobana nafasi zaidi, na hiyo ndiyo inayotumika katika simu mpaka leo. Masuoka aliona kwamba hakulipwa stahiki yake, akaishitaki kampuni hiyo. Mwaka 2006 walipatana kwa yeni milioni 87.

Msikilizaji anayeuliza wimbo wake unakaa wapi hasa ndani ya simu, hili ndilo jibu lake la ndani kabisa. Katika kipande cha silikoni kuna vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho, mabilioni kwa mabilioni. Kila chumba kimezungushiwa ukuta usiopitisha umeme. Chembe za umeme zikisukumwa ndani ya chumba, hufungiwa humo hata betri ikiisha. Kiasi cha chembe zilizomo ndicho kinachosomwa kuwa moja au sifuri. Mpangilio wa moja na sifuri hizo ndio faili, na faili likisomwa ndilo sauti ya Siti binti Saad.

Kuta hizo si za milele. Huchakaa kila kumbukumbu inapofutwa na kuandikwa upya, na chombo kikikaa miaka mingi bila umeme, chembe huanza kuvuja. Simu iliyozimwa na kusahauliwa ndani ya kabati si hazina ya kutumainiwa.

Mwaka 1998 kampuni ya Diamond Multimedia ya Marekani ilianza kuuza chombo cha mfukoni kilichoitwa Rio PMP300. Kilikuwa na megabaiti 32 tu za kumbukumbu, zilizotosha karibu nusu saa ya muziki. Chama cha makampuni ya kurekodi muziki nchini Marekani kilikwenda mahakamani kutaka kizuiwe. Mwezi Juni 1999 mahakama ya rufaa iliamua kwamba chombo hicho ni halali, na ikasema kwamba mtu anayehamisha nyimbo ambazo tayari anazo kutoka kwenye kompyuta yake ili azisikilize mahali pengine anafanya matumizi ya binafsi. Lau uamuzi ungekuwa kinyume, huenda vyombo vya muziki vya mfukoni vingechelewa kwa miaka mingi.

Simu za kisasa na nyumba zake mbili

Apple ilitangaza iPod yake ya kwanza mwezi Oktoba 2001, ikiwa na diski ngumu ya gigabaiti tano. Wengi walioifungua kwa kompyuta walishangaa. Nyimbo zilikuwa zimefichwa katika folda zisizoonekana. Chombo kilijua wimbo upo wapi. Mwenye chombo hakutakiwa kujua.

Tabia hiyo ilihamia kwenye iPhone, iliyoanza kuuzwa Juni 2007. Haikuwa na nafasi ya kadi ya memori, na mpaka leo haina. Ndani ya iPhone kila programu huishi katika chumba chake, na haiingii katika chumba cha jirani. Mwaka 2017 Apple iliweka programu ya kuonyesha mafaili, lakini nyimbo zilizo katika programu yake ya muziki hazionekani humo.

Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliingia sokoni Oktoba 2008, na nyumba yake ilijengwa kwa namna nyingine. Ilikuwa na nafasi ya kadi ndogo ya memori, yenye urefu wa milimita 15 na upana wa milimita 11. Ukiiunganisha na kompyuta, uliziona folda na kuzifungua kama unavyofungua makabati ya nyumbani.

Wengi wa wasikilizaji wetu wanaukumbuka wakati huo, ambao katika Afrika Mashariki ulianza hata kabla ya Android, kwa simu za kawaida zenye uwezo wa kupiga mp3. Katika vibanda vya mijini, kijana mwenye kompyuta moja alikujazia nyimbo kwenye kadi kwa malipo madogo, na aliyekuwa na wimbo mpya alimrushia mwenzake kwa Bluetooth. Ilikuwa kaseti iliyozaliwa upya, pamoja na wema wake na dhuluma yake. Muziki ulienea, na mwanamuziki hakulipwa.

Lakini nyumba hiyo ya pili nayo imekuwa ikijengewa kuta. Android 11, iliyotolewa mwaka 2020, ilibana uwezo wa programu moja kugusa mafaili ya nyingine. Simu nyingi za bei ya juu zimeacha kadi ya memori. Samsung iliiondoa katika Galaxy S21 ya mwaka 2021. Aidha, simu za sasa huandika kila kitu kwa siri inayofunguliwa na ufunguo uliomo ndani ya simu yenyewe. Hilo humlinda mwenye simu dhidi ya mwizi. Lakini pia lina maana kwamba mitambo ya ndani ya simu ikiharibika kabisa, fundi hawezi tena kuking'oa kipande cha kumbukumbu na kuzisoma nyimbo zilizomo.

Jina la msanii limekwenda wapi?

Wengi wamekutana na wimbo katika simu ulioandikwa tu "Msanii asiyejulikana". Maneno hayo nayo yana historia.

Faili la mp3 lilipobuniwa halikuwa na mahali pa kuandika jina. Mwaka 1996 Eric Kemp alibuni kibandiko kidogo cha baiti 128 kilichowekwa mwishoni mwa faili. Jina la wimbo lilipewa nafasi ya herufi 30, na la msanii herufi 30, lililozidi lilikatwa. Aina ya muziki iliandikwa kwa namba, kutoka katika orodha ya aina 80. Ndani ya orodha hiyo hamkuwamo taarab, wala benga, wala rumba ya Kongo. Muziki wa nusu ya dunia ulijikuta umewekwa katika fungu moja, la muziki wa makabila.

Vibandiko vilivyofuata ni vikubwa zaidi na hupokea jina lolote. Lakini lazima pawe na mtu wa kuliandika. Nyimbo nyingi za zamani za Kiswahili zimetoka kwenye kaseti hadi kwenye kompyuta ya mtu, kisha kwenye kadi, kisha kwenye simu, na katika safari yote hiyo hapakuwa na aliyeandika ni nani anayeimba. Mzee mwenye kumbukumbu akisikia sauti hukwambia mara moja jina la bendi, la mpiga solo na la mtunzi. Mzee huyo akiondoka, hubaki faili linaloitwa "Wimbo wa 7".

Wingu na mpangaji

Turudi sasa kwenye swali la mwanzo: kwa nini nyimbo za wasanii mashuhuri zilibaki baada ya simu kubadilishwa? Zilibaki kwa sababu hazikuwa mali ya simu ile.

Mwaka 2008 kampuni ya Spotify ya Sweden ilianza huduma yake katika nchi kadhaa za Ulaya, na mwezi Februari 2021 ilitangaza kuifikisha Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Katika huduma za namna hii wimbo hukaa katika kompyuta kubwa za kampuni, ndani ya majengo yaliyo katika nchi mbalimbali. Majengo hayo ndiyo yanayoitwa wingu, ingawa yamesimama juu ya ardhi na yana mlango na mlinzi. Unapobonyeza, wimbo hutiririka kupitia intaneti na kusikika.

Mtu anaweza kusema kwamba yeye amezipakua nyimbo hizo, na anazisikiliza hata ndani ya ndege. Ni kweli kwamba zimo katika simu. Lakini zimefungwa ndani ya chumba cha programu na kuandikwa kwa siri. Hazionekani katika folda yoyote wala haziwezi kupigwa na programu nyingine. Spotify humtaka mteja aunganishe simu na intaneti angalau mara moja kila siku 30, la sivyo nyimbo hizo hunyamaza. Ukiifuta programu, zinafutika nayo.

Huduma hizo zina faida zake. Msikilizaji wa Toronto hupata kwa sekunde chache nyimbo ambazo zamani angezisubiri mpaka jamaa asafiri, na msanii angalau ana njia ya kulipwa. Lakini mwenye santuri alikuwa mwenye nyumba. Msikilizaji wa wingu ni mpangaji, na mpangaji hutegemea mwenye nyumba.

Historia ya karibuni imeonyesha maana ya jambo hilo. Mwezi Machi 2019 ilifahamika kwamba mtandao wa Myspace ulikuwa umepoteza muziki uliopakiwa na watumiaji wake kati ya mwaka 2003 na 2015, wakati ulipokuwa ukihamisha data kwenda kwenye mitambo mipya. Ilikadiriwa kuwa nyimbo zaidi ya milioni 50 zilipotea, nyingi zikiwa za wanamuziki wasio na kampuni kubwa nyuma yao. Mwezi Desemba 2020 Google ilifunga huduma yake ya Google Play Music, ambamo watu walikuwa wamehifadhi maelfu ya nyimbo zao wenyewe. Walipewa muda wa kuzihamisha hadi Februari 2021. Ambaye hakusoma tangazo hilo kwa wakati alizikosa.

Sasa tunaelewa pia kilichoipata taarab ya harusi. Mara nyingi rekodi kama hiyo hufika kwa WhatsApp, ikapigwa mara moja, na ikaachwa pale pale. Hakuna kampuni yenye nakala yake katika huduma ya muziki, kwa kuwa hakuna kampuni iliyoirekodi. Haikupata kuuzwa. Nakala zake zote zimo katika simu za watu kumi au ishirini wa ukoo mmoja, na simu hizo hubadilishwa moja baada ya nyingine. Muziki wenye thamani kubwa kuliko wote kwa familia ndio uliohifadhiwa vibaya kuliko wote.

La kufanya

Ipo njia nyepesi ya kujua hali ya wimbo wowote. Kwanza, zima intaneti katika simu yako, kisha jaribu kuupiga. Usipolia, haumo katika simu. Ukilia, fungua programu ya kuonyesha mafaili na uutafute. Ukiuona kama faili, lenye jina linalomalizikia kwa herufi kama mp3, m4a au opus, na ukaweza kulinakili mahali pengine, basi uko mkononi mwako. Usipouona, huenda unashikiliwa na programu kwa niaba ya mtu mwingine.

Katika simu za Android, nyimbo zako mwenyewe kwa kawaida zimo katika folda iitwayo Music au ile ya Download. Sauti zilizoletwa kwa WhatsApp zina folda yake yenyewe. Katika simu mpya hufikiwa kwa kufungua folda ya Android, kisha media, kisha com.whatsapp, na kuendelea ndani mpaka WhatsApp Audio. Katika simu za zamani folda ya WhatsApp ilikuwa nje, pamoja na nyingine. Kwa mwenye iPhone, njia iliyo rahisi ni kuifungua rekodi ndani ya WhatsApp yenyewe na kuihifadhi katika programu ya mafaili, kisha kuihamishia kwenye kompyuta.

Baada ya kuupata wimbo, yapo mambo mawili. La kwanza ni kuuweka mahali pawili tofauti: kwa mfano katika diski ya nyumbani, na kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Nyumba moja ikiungua au chombo kimoja kikifa, kingine kipo. La pili ni kuandika. Faili libadilishwe jina, na badala ya "AUD" na tarakimu ndefu liandikwe nani anaimba, wapi, mwaka gani, na harusi ya nani. Kazi hiyo ifanywe wakati yule bibi anayeweza kuitambua sauti angali hai na angali anapokea simu.

Kwa rekodi za wanamuziki wanaoishi kwa kazi yao, uungwana ni kuzinunua au kuzisikiliza mahali ambapo watalipwa. Makosa ya enzi ya kaseti na ya vibanda vya kadi hayana haja ya kurudiwa. Ila rekodi za ukoo, za harusi, za maulidi, za ngoma na za kwaya za vijijini hazina mlinzi mwingine isipokuwa wenyewe.

Siti binti Saad alifariki dunia mwaka 1950. Sauti yake tunaisikia leo kwa sababu sahani zake zilikuwa kitu cha kushikika, ziliandikwa jina, na zilikuwa nyingi katika nyumba nyingi, hata baadhi zilipovunjika nyingine zikabaki. Masharti hayo matatu hayajabadilika kwa kuwa sahani imegeuka chembe za umeme. Wimbo unaotakiwa kufika kwa wajukuu sharti uwe mahali panapojulikana, uwe na jina, na uwe na nakala zaidi ya moja.